Padri Tommy Maher na ufundi unaofundishika

Walimu wenzangu wa michezo, jambo hili nimelisema katika kumbi nyingi na leo nalirudia, kwa kuwa bado wapo wanaoshikilia kwamba mchezaji mahiri huzaliwa, hafundishwi. Wakitajiwa Kilkenny, kaunti ya kusini-mashariki mwa Ireland, husema kwamba hurling ya kule, yaani mchezo wa Kiayalandi wa kupiga mpira mdogo kwa gongo, imo damuni. Basi nauliza: damu hiyo ilikuwa wapi baada ya 1947, Kilkenny ilipokaa miaka kumi bila kutwaa ubingwa wa Ireland? Ilikuwa wapi tangu 1922 hadi 1967, muda wote ambao haikuweza kuishinda Tipperary, kaunti jirani, katika mashindano ya ubingwa? Watu walikuwa walewale, wa vijiji vilevile, wakivaa jezi ileile ya mistari myeusi na ya manjano. Kilichobadilika ni kwamba alipatikana mwalimu.

Mwalimu huyo ni Padri Tommy Maher wa Gowran, aliyezaliwa mwaka 1922. Yeye mwenyewe alicheza katika fainali ya 1945, ambayo Kilkenny ilishindwa na Tipperary, lakini ninachotaka mkizingatie ni kazi aliyoifanya baadaye. Akifundisha St Kieran's, shule ya wavulana mjini Kilkenny, aliuchukua mchezo uliodhaniwa kuwa ni kipaji kitupu, akaugawa katika vipengele, akafundisha kila kipengele peke yake mpaka mwanafunzi akakimudu.

Tazameni kipengele kimoja tu, cha kuinua mpira. Sheria ya hurling hairuhusu mchezaji kuokota kwa mkono mpira ulio chini. Sharti auinue kwa gongo. Anaufikia, anakunja magoti na kuinama, analilaza gongo karibu sambamba na nyasi, vidole gumba vyote viwili vikielekea kwenye ubapa, yaani mwisho mpana wa gongo, anauvuta mpira kidogo upande wake, kisha anaipenyeza ncha ya ubapa chini yake na kuunyanyua hadi kiganjani, na yote hayo huku mpinzani anamjia na gongo lake. Akilisimamisha gongo kupita kiasi, ncha inausukuma mpira badala ya kuuinua, na nafasi imekwisha potea. Hebu nielezeni, damu inaingia wapi hapo? Mimi naona goti, kiganja, pembe ya gongo, na mtu mwenye subira ya kusema: rudia.

Matokeo hayakuchelewa. Mwaka 1957 St Kieran's ilitwaa kombe la shule za Ireland nzima, na mwaka huohuo Kilkenny, Maher akiwa kocha, ikaifunga Waterford kwa tofauti ya pointi moja na kuurudisha ubingwa. Hadi 1975 alikuwa ameiongoza kutwaa mataji 7.

Najua atakuwapo wa kunitajia Eddie Keher, mchezaji wa Kilkenny aliyefunga pointi 14 katika fainali ya 1963, na kudai kwamba kwa wachezaji wa namna hiyo kocha yeyote angeshinda. Keher alikuwa na kipaji, sikatai. Lakini alikuwa mwanafunzi wa St Kieran's, na mataji yake yote 6 aliyapata chini ya kocha huyohuyo. Mnaokitaja kipaji chake, mbona hamtaji shule yake?

Muda unanibana, kwa hiyo la uongozi nitaligusia tu: katika miaka ya 1970 Maher alikuwa mkuu wa St Kieran's na bado akainoa Kilkenny. La mwisho ni kozi za makocha zilizofanyika Gormanston, kaunti ya Meath, katika miaka ya 1960, ambako alifundisha pamoja na Donie Nealon wa Tipperary, timu iliyoichapa Kilkenny katika fainali ya 1964. Anayeuliza kwa nini aliwagawia wapinzani maarifa yake hajaielewa kazi ya ualimu. Kilkenny haikupungukiwa na kitu: Brian Cody, aliyesoma St Kieran's na kuichezea timu ya 1975, naye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kisha akaifundisha Kilkenny kuanzia msimu wa 1999 hadi 2022 na kuipatia mataji 11.