Kufunga kamera ya rivasi kwenye Hilux ya zamani (na ule waya wa mlango wa nyuma!!)

Haya wazee mambo vipi, karibuni tena. Leo tunayo hii Hilux ya 2001, single kebini, injini ya 5L (jina la injini tu hilo, sio lita tano), imebeba mkaa mpaka bodi imechoka ila ukiwasha inaitika mara moja. Mwenye nayo anataka kamera ya nyuma, maana juzi karudi rivasi kaigonga nguzo ya geti lake mwenyewe. Msicheke, yupo hapo nyuma anatusikia. Marekani gari dogo jipya lililoundwa tangu Mei 2018 haliuzwi bila hii kitu, sasa sisi wa 2001 inabidi tujifungie.

Vifaa: kamera, kioo chenye skrini ya inchi 4.3 kinachobanwa juu ya kioo cha kati, waya wa video, testa, tepu na vile vitai vya plastiki. Waya unaokuja kwenye boksi mara nyingi ni mita 6, kwa pikapu unabana, chukua wa mita 10. Ninao, njoo inboksi, bei tutaongea vizuri.

Kwanza weka gia ya rivasi, funguo kwenye ON, uone taa nyeupe ya nyuma kama inawaka. Gari hizi nusu yake balbu imekufa kitambo na mwenyewe hajui. Haiwaki? Badili balbu, ikigoma angalia swichi ya rivasi pale kwenye giaboksi. Kamera inakula umeme wa taa hiyo hiyo, taa isipowaka hakuna picha.

Kabla hujafungua nati hata moja, unganisha kila kitu chini hapa kwenye betri ya volti 12 uone picha. Nyekundu chanya, nyeusi hasi, ukigeuza unaiaga kamera. Eeh imewaka... subiri. Dogo, nyoosha mkono wa kulia. Mnaona? Kwenye skrini mkono umetokea upande mwingine, picha imegeuka. Hii sikuipanga lakini acha niwaonyeshe. Kwenye waya wa kamera kuna vikawaya viwili vimejikunja, kwenye hii cha kijani ndicho cha kugeuza picha, cheupe cha ile mistari ya kupaki. Yako soma karatasi yake kwanza, rangi zinatofautiana. Nakata kijani, nazungushia tepu... haya, mkono umerudi mahali pake.

Sasa chomoa hasi ya betri. Kamera mi naiweka kwenye mlango wa nyuma wa bodi, chini ya kitasa. Wengine wanaweka kwenye bampa, sawa, lakini bampa ya gari la mzigo inakanyagwa na kila mtu anayepanda juu. Toboa, paka rangi kidogo kwenye tundu lisishike kutu, kaza.

Hapa naomba mnisikilize. Waya unapotoka kwenye mlango kuingia kwenye chasisi ACHA ULEGEVU. Mlango huu unalala mpaka chini, waya ukiwa umekaza unakatika. Mwaka jana nilimfungia mteja mmoja, kazi safi, nikapiga na picha, kesho yake kafungua mlango kushusha magunia nikapigiwa simu, "fundi, kamera imening'inia". Nikarudisha hela na kamera nyingine juu. Kwa hiyo pitisha waya karibu na bawaba, fungua mlango mpaka mwisho, NDIO ufunge kitai. Sio ufunge kitai mlango ukiwa juu halafu uje ujaribu. Mlango chini kwanza!

Taa ya rivasi: toa kava, tafuta na testa waya wenye umeme gia ikiwa rivasi (rudisha betri dakika moja), unga hapo nyekundu ya kamera pamoja na kale kawaya kembamba kekundu kanakotoka kwenye waya wa video. Nyeusi peleka athi, yaani kwenye chuma cha gari, kwangua rangi kwanza, athi juu ya rangi ndiyo inayoleta picha ya mawimbi.

Kupita chini fuata njia ya waya za kiwandani kwenye chasisi, funga kila shubiri mbili, kaa mbali na ekzosi na propela shafti. Ingia ndani kwenye raba ya sakafu, pitisha chini ya kapeti, panda kwenye nguzo ya mlango mpaka kwenye kioo. Hapo sipotezi muda.

Mbele, kale kekundu kembamba unga na nyekundu ya skrini, nyeusi athi, plagi ya njano kwenye video. Yaani skrini inawaka ukiingiza rivasi tu. Mi ndivyo napenda, skrini inayowaka muda wote usiku inaumiza macho.

Mwisho weka ndoo mita 1 nyuma ya gari, inamisha kamera mpaka uone ncha ya bampa chini ya picha, ndoo ionekane yote. Na ukiendesha mlango umeshushwa utaona lami tu, usije ukanilaumu.

Dogo, fungua mlango. Mpaka chini. Tena. Tena mara kumi, mi nashika kamera hapa... mara ya saba nimesikia kama kitu kinavutika, simama simama, ona, kitai cha pili kiko juu sana. Nakikata, nashusha waya vidole vinne, tunaanza kuhesabu upya.