Uchumi Uliozimwa kwa Makusudi

Mabibi na mabwana, tarehe 20 Aprili 2020 bei ya mafuta ghafi ya Marekani, kwa mikataba ya kukabidhi mafuta mwezi Mei, ilishuka chini ya sifuri. Muuzaji alikuwa radhi kumlipa mnunuzi takriban dola 37 kwa pipa, alimradi amwondolee mzigo. Ndege zimetua, magari yameegeshwa, matangi yanakaribia kujaa.

Naanza na mafuta kwa sababu UVIKO-19 haikubomoa uchumi kama vita au kimbunga. Mitambo ilikuwa mizima. Tuliuzima uchumi sisi wenyewe ili tusiambukizane. Sasa ukishauzima, utakuja kuuwasha na nani? Aliyeachishwa kazi Aprili hakai akimngoja bosi wake hadi Septemba.

Uingereza iligharamia asilimia 80 ya mshahara, mwisho pauni 2,500 kwa mwezi, ili mtu abaki kwenye orodha ya mwajiri ingawa yuko nyumbani. Ujerumani ilikuwa na utaratibu wa aina hiyo tangu zamani, ikaupanua tu. Marekani nayo iliacha wengi wapoteze kazi, kisha ikawafidia. Ukosefu wa ajira ulikaribia asilimia 15 mwezi huohuo wa Aprili. Wachumi hatujaacha kubishana ni njia ipi ilikuwa bora. Mimi kura yangu nawapa Wajerumani.

Ila mshahara hulindwa kwa mwenye mshahara. Mchuuzi je? Kibarua wa kutwa? Hawa hawamo kwenye orodha ya mwajiri yeyote. Togo ilipata jibu ambalo nchi tajiri zaidi hazikulifikiria: daftari la wapiga kura. Mtu alijisajili kwa kadi yake ya kura, hata kwa simu ya kitochi, na fedha zikamfikia kwenye simu hiyohiyo. Mpango huo, Novissi, uliwalipa wanawake zaidi kuliko wanaume.

Serikali duniani zilimwaga fedha wakati bidhaa zimekwama bandarini, na vita vya Ukraine vikapandisha nishati. Kufikia Juni 2022 mfumuko wa bei Marekani ulikuwa asilimia 9.1. Benki kuu yao ikapandisha riba, dola ikapaa, na mzigo ukawaangukia waliokopa kwa dola. Zambia ilikuwa imeshashindwa kulipa tangu Novemba 2020, na mazungumzo na wadai wake yakachukua miaka. Marekani ilikuwa imekopa matrilioni, lakini kwa sarafu inayoichapa yenyewe.