Levántate, No te levantes: Amri za Kila Siku katika Kihispania

Mabibi na mabwana, wapenzi wa lugha,

Ninakusudia kuzungumzia amri ambazo kila nyumba huzisikia tangu alfajiri hadi usiku: amka, oga, vaa, keti, lala. Katika Kihispania amri hizi hujengwa kwa vitenzi vijirejeshi, yaani vile ambavyo mtendaji ndiye mtendwa, na kwa maoni yangu hakuna mahali pazuri zaidi pa kuanzia kuijua sarufi ya lugha hiyo.

Sisi tunacho kiambishi *ji*, kama katika “jitayarishe” na “usijisumbue”, ambacho hakibadiliki kwa nafsi yoyote wala hakiondoki mbele ya mzizi. Kihispania kina *me, te, se, nos* na *os*, na vijineno hivi huhama. Mtu anapoamriwa kutenda, kijineno hushikamana na mwisho wa kitenzi: *levántate*, amka, *dúchate*, oga, *siéntate*, keti. Anapokatazwa, hutengana na kitenzi na kukitangulia: *no te levantes, no te duches, no te sientes*.

Tazameni pia irabu. Sisi husema “oga”, kisha “usioge”, na *a* ya mwisho ikageuka kuwa *e*. Mhispania hufanya vivyo hivyo katika vitenzi vinavyoishia na *-ar*: *lávate*, nawa, lakini *no te laves*. Katika vile vya *-er* na *-ir* mambo huwa kinyume, *e* ikawa *a*: *vístete*, vaa, na *no te vistas*, usivae. Umbo hilohilo la katazo ndilo linalobeba heshima unapomwambia mtu kwa *usted*, yaani “wewe” ya heshima: *levántese, siéntese, vístase*. Wanafunzi wetu hulipokea jambo hili kwa urahisi, kwa kuwa nasi tukitaka kulainisha amri huacha “keti” tukasema “uketi”.

Ugumu wetu wa kweli uko kwenye mkazo, na hapa naomba tutulie kidogo. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, nasi hubeba mazoea hayo popote tuendapo. Neno *levanta* lina mkazo kwenye *van*. Likiongezewa *te*, mkazo haumfuati mgeni huyo, bali hubaki palepale, ambapo sasa ni silabi ya tatu kutoka mwisho, na ndiyo sababu ya kuandika alama juu ya irabu: *levántate*. Mswahili asiyejihadhari atatamka *levantate*, mkazo ukiwa kwenye *ta*. Ajabu ni kwamba matamshi hayo yapo na ni sahihi kabisa nchini Argentina na Uruguay, ambako watu huitana *vos* badala ya *tú*, yaani “wewe” ya kawaida. Lakini huko husema pia *sentate*, keti, na *acostate*, lala, bila kugeuza irabu ya shina kama katika *siéntate* na *acuéstate*, kwa hiyo anayetamka *acuéstate* kwa mkazo wa Kiswahili hayuko Madrid wala Buenos Aires. Nawasihi mtamke kwanza *acuesta* peke yake, mara kadhaa, ndipo mwongeze *te* kwa sauti nyepesi.

Maumbo mafupi hayana shida hiyo: *ponte*, vaa, *vete*, nenda zako. Makatazo yake, *no te pongas* na *no te vayas*, hayana budi kukaririwa. Amri ikielekezwa kwa watu zaidi ya mmoja, Hispania husema *levantaos*, *d* ya *levantad* ikidondoka, ilhali Amerika ya Kilatini husema *levántense*.

Jambo moja limebaki. Mzazi anayemwambia mtoto anawe mikono husema *lávate las manos*, wala hataji kwamba mikono ni ya mtoto, kwa kuwa *te* imekwisha kusema hivyo. Vilevile *cepíllate los dientes*, piga mswaki, na *ponte los zapatos*, vaa viatu. Kiswahili nacho hakihitaji “vyako” hapo, kwa hiyo katika hili mazoea yetu yanatusaidia.