Siku 60 za kimya: nani anauangalia Mji wa Kale?

Haya ni mazungumzo niliyotoa jioni moja kwa wakaazi wa Mji wa Kale, Mombasa. Nimeyaandika vile nilivyoyasema, sikuyapamba.

Assalamu alaykum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama huko mlangoni, ingieni ndani nafasi ipo. Shukran kwa kunialika. Wengi mwanijua, mimi ni mtu wa plani, mtu akitaka kuongeza choo ama kupandisha ghorofa huja kwangu nimchoree, alafu mimi ndo nabeba makaratasi kupeleka ofisini, zaidi ya miaka 20 sasa. Kwa hivo leo sitawapa historia ya Mreno na Mazrui, hayo wako wanaoyajua kunishinda. Mimi nataka tuzungumze karatasi. Nani anatia sahihi, nani anakuja kukagua, na nyumba ikianguka nani anaulizwa.

Tuanze hapa hapa. Ngome ile ya Fort Jesus ilijengwa 1593 mpaka 1596, Mwingereza akaifanya jela kuanzia 1895, mwaka 1958 ikatangazwa ya kuhifadhiwa, na 2011 UNESCO wakaitia kwa orodha ya urithi wa dunia. Hayo kila mtoto wa skuli hapa anayajua. Lakini kuna hesabu moja ambayo hatuambiwi sana: ngome yenyewe ni hekta 2.36 tu, na eneo linaloizunguka ili kuilinda ni hekta 31. Sasa hizo 31 ni wapi? Ni hapa. Ni vichochoro vyetu hivi, Ndia Kuu, misikiti yetu, nyumba tunazolala na kupika na kuanika nguo. Yaani mbele ya dunia sisi ndo ukuta wa nje wa ile ngome, na sijui ni wangapi kwenye chumba hiki washawahi kuambiwa hivo na mtu yeyote wa serikali.

Ngome ina mwenyewe anayejulikana, Makumbusho ya Taifa, ina geti, ina tiketi, ukienda kugonga msumari kwa ule ukuta utashikwa kabla hujamaliza. Lakini toka pale getini tembea hatua mia mbili uingie mtaani, uone nyumba ya mawe ya miaka 150 inatobolewa dirisha la alumini, uulize hii imeruhusiwa na nani. Hapo ndo maneno huanza kukatika katika.

Sababu ni hii. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imegawa kazi. Serikali kuu ikapewa majengo na mabaki ya kale yenye umuhimu wa kitaifa. Kaunti zikapewa shughuli za utamaduni, makumbusho, sehemu za starehe, na vilevile mipango ya ardhi na ujenzi. Sasa nyumba ya babu yako yenye mlango wa nakshi iko upande gani? Iko pande zote mbili. Kwa thamani yake kama urithi, inaangaliwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006, na Makumbusho wana ofisi yao ya kuhifadhi Mji wa Kale. Lakini ruhusa ya kujenga, kubomoa, kuongeza ghorofa, hiyo inatoka kaunti kwa Sheria ya Mipango ya 2019. Mlango mmoja makomeo mawili, na kila mwenye komeo anaamini mwenzake ashafunga.

Na sasa nisikilizeni vizuri hapa kwa sababu hili ndilo lililonileta. Ile sheria ya 2019 inasema ukipeleka maombi ya kujenga na zikapita siku 60 hujajibiwa kwa maandishi, basi inahesabika umeruhusiwa. Siku 60. Mimi iliposomwa mara ya kwanza nilifurahi, nasema kweli, manake tushateseka sana kwenye korido, faili linakaa mwaka, mara limepotea, mara bwana mkubwa yuko likizo, kwa hivo kipengele kile kiliwekwa kumlinda mwananchi na uzembe na wale wanaotaka kitu kidogo. Kwa nyumba ya Nyali ama Bamburi, kwenye mitaa mipya, ni kipengele kizuri. Lakini kwa nyumba ya mawe ya matumbawe kimya cha ofisi si jambo dogo. Ukikosea plani ya nyumba mpya unavunja unajenga tena, lakini ukuta wa chokaa na baraza ya miaka 150 ukishavunja umevunja, hakuna karatasi itakayoirudisha.

Alafu kuna jambo watu wengi hawalijui na linawatia hasara. Ruhusa ya kaunti si ruhusa ya Makumbusho. Jengo kama limegazetiwa, yaani limetangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali kuwa la kuhifadhiwa, hata hizo siku 60 zikapita, bado ile sheria ya 2006 iko pale pale inakungoja. Nishawahi kubeba faili la namna hiyo mimi mwenyewe, siutaji mji wala ofisi. Meza ya kwanza wakaniambia hili ni la wenzetu wa urithi, wa urithi wakaniambia tunangoja barua kutoka meza ya kwanza, na barua yenyewe haikuandikwa na yeyote. Mwenye nyumba akachoka. Fundi akaanza kazi siku ya Ijumaa baada ya swala, Jumatatu nilipopita nikakuta dari iko chini, boriti zimetupwa nje zimepangwa kama kuni. Wallahi nilisimama pale nikaona uchungu, kwa sababu zile boriti nyengine zilikuwa nzima kabisa, ukiigonga inalia kama chuma.

Mwajua kwanini vyumba vyetu vya zamani ni vyembamba na virefu? Ni boriti. Mti wa mkoko hauzidi urefu fulani, kwa hivo chumba kinakuwa na upana wa mti, mita mbili na nusu hivi kufika tatu, urefu ndo unaenda utakavyo. Mkoko ndo ulipima nyumba. Ukitoa boriti ukaweka zege na nondo chumba unaweza kukipanua, sawa, lakini zege ni zito na ule ukuta haukuumbwa kuubeba uzito huo. Ni mawe ya matumbawe na udongo na chokaa, unene karibu nusu mita, na unafanya kazi kwa kupumua. Unyevu unaingia, jua likiwaka unatoka.

Sasa kwa shangazi yangu walipiga lipu ya simiti. Kwa mapenzi kabisa, watoto walituma pesa kutoka nje wakataka mama akae mahali pazuri, ukuta ukang'ara mwaka mzima. Masika ya pili tukaanza kuona weupe kama chumvi unatoka chini karibu na sakafu. Ni chumvi kweli. Ule unyevu ulikuwa ndani haupati pa kutokea, unapanda ndani kwa ndani, lipu ikaanza kuvimba, ukiibonyeza inatoa sauti ya utupu, alafu siku moja ikabanduka yote kipande kimoja kama ganda la mkate. Tulipoangalia vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani, mimi mwenyewe nilitia kidole, kikazama. Mti uliokaa zaidi ya miaka 100 umekuwa biskuti kwa misimu michache. Na wala hakuna aliyevunja sheria kwa nia mbaya pale, fundi anajua simiti kwa sababu ndiyo inayouzwa kila duka la hadiwea, chokaa mpaka uitafute, na hakuna mkaguzi aliyepita kusema subirini kwanza.

Ndo maana nasema uangalizi si mhuri. Uangalizi ni mtu anayepita mtaani kila wiki, anayejua chokaa na simiti kwa kuangalia tu, na ana nguvu ya kusimamisha kazi asubuhi hiyo hiyo kabla ya dari kuanguka.

Mwaka 2018 mwakumbuka kaunti iliposema majengo ya mjini yapakwe nyeupe na buluu. Mji mzima ukabishana rangi gani, nyeupe inapendeza, buluu haipendezi, mpaka kwenye vibanda vya kahawa watu wakashindana. Mimi swali langu lilikuwa jengine: rangi ya aina gani? Nyumba ya zege ipake chochote. Lakini nyumba ya chokaa ukiipaka rangi ya plastiki umeifunika nailoni, ni yale yale ya shangazi yangu. Nyeupe ya chokaa yenyewe ipo, wazee wetu waliipaka kila mwaka kabla ya mwezi mtukufu. Na amri yoyote ya rangi inayogusa Mji wa Kale inafaa ipite kwanza kwa mtu anayejua kuta.

Na sizungumzii nyumba tu. Chukua Mapembeni pale Moi Avenue, zile pembe 4 za mabati ya alumini, ziliwekwa miaka ya 50 wakati wa ukoloni kwa ajili ya ugeni wa kifalme wa Uingereza, leo ndo picha ya Mombasa dunia nzima, kila mgeni anasimama katikati ya barabara apigwe picha. Alafu nenda Jomo Kenyatta Avenue kwenye sanamu la kumbukumbu ya maaskari na wapagazi Waafrika wa vita vya kwanza. Lile lina mwenyewe, linaangaliwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Ninachotaka muone ni kwamba vitu viwili viko mji mmoja, lakini ukitaka kujua nani anapanga bajeti ya kimoja na kingine, nani aliruhusu bango la biashara karibu nacho, unatakiwa kubisha milango tofauti kabisa. Mwananchi wa kawaida hajui hata aanzie wapi, na asiyejua pa kuanzia hunyamaza.

Kuna mzee ameuliza hapa, je kuna mahali pamefanywa vizuri? Nitakwambia Lamu, na sisemi Lamu hakuna matatizo, yako. Lakini pale mji wenyewe, kama hekta 16, uligazetiwa 1986, ofisi ya uhifadhi ikafunguliwa mwaka huo huo mle mle mjini, alafu afisa wa uhifadhi akawekwa awe anaishauri serikali ya mtaa yenyewe, na 1991 ikaundwa tume ya mipango ya kusimamia eneo hilo. Urithi wa dunia walipewa 2001, baadae kabisa. Yaani utaratibu ulitangulia sifa. Mtu wa uhifadhi alikuwa kwenye meza moja na wanaopitisha plani, si ng'ambo ya mji akingoja barua.

Na msidhani umaarufu unalinda. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jumba la Sayyid Barghash la 1883, hakuna jengo linalojulikana zaidi mwambao huu, tena katikati ya Mji Mkongwe ulio kwenye orodha ya UNESCO tangu 2000. Tarehe 25 Disemba 2020 upande mmoja ukaanguka, kazi ya ukarabati ikiendelea, watu wawili wakafa. Nilipoona ile picha sikulala vizuri.

Haya, sasa tufanye nini sisi tusio na cheo. Ile sheria ya mipango haina siku 60 peke yake. Inasema pia anayeomba kujenga lazima autangazie umma, na umma ukaribishwe kuleta pingamizi. Kwa hivo ukiona mabati yamezungushiwa nyumba na hakuna tangazo lolote, una haki ya kuuliza, wala si umbea. Uamuzi ukitoka hukuridhika nao, kuna kamati ya kaunti ya kusikiliza rufaa za mipango, iko kisheria. Na ukitaka kuona karatasi zenyewe, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa ofisa siku 21 kukujibu. 21 ni ndogo kuliko 60. Tumieni hizo siku.

Jengine ni milango. Nimewaona vijana hapa wanapiga picha milango ya nakshi, vizuri sana, endeleeni. Ile sheria ya 2006 inautambua mlango ama fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika ama wa Mashariki kabla ya 1946 kuwa kitu kilicholindwa. Huwezi tu kuung'oa ukauuza ukapakiwa lori usiku. Basi msipige picha ya kupendeza peke yake, pigeni na kizingiti, pigeni na maandishi ya juu kama yapo, pigeni nyumba nzima kutoka mbele, andikeni mtaa na tarehe. Mlango ukipotea kesho, hiyo picha ndo ushahidi kwamba ulikuwepo na ulikuwa nyumba gani.

Mimi nimeandika barua, iko pale mezani karibu na kahawa. Inaomba mambo matatu tu: plani yoyote inayoingia ofisini kutoka Mji wa Kale isihesabiwe zile siku 60 mpaka iwe imefika kwa mtu wa uhifadhi na amejibu kwa maandishi, orodha ya plani zilizoombwa ibandikwe kila mwezi hapa mtaani mahali watu wanapita, na awepo mkaguzi mmoja anayejua chokaa. Tutaipeleka kwa mwakilishi wa wadi na kwa ofisi zote mbili, zote mbili siku moja, tudai mhuri wa kupokea kwenye nakala yetu. Someni kwanza, asiyekubaliana na neno aniambie tulirekebishe sasa hivi. Kalamu ziko tatu, mmoja wenu vijana anisaidie kumshikia taa bibi pale, herufi ni ndogo.