Mfungeni Macho Anayepima

Ahsante, mwenyekiti. Mlionisikia zamani mnajua ninakoelekea, na mwenzangu wa safu ya mbele ameshaanza kutabasamu kwa sababu anaungoja mti. Ndiyo, mti upo. Vumilieni.

Nimeombwa niseme juu ya utafiti wa tiba, kinga ya mwili, sumaku na tabia za wadudu. Fani nne kwa mpigo! Mtu angedhani waandaaji waliandika majina kwenye vikaratasi wakavitia kofiani. Lakini sinung'uniki, maana fani zote nne zina ugonjwa mmoja, na ndio ninaoupigia kelele kila ninapopewa kipaza sauti: anayesoma matokeo anakuwa ameshajua ni matokeo gani yanayotakiwa.

Haya, mti. Franz Mesmer alikuwa tabibu wa Vienna. Mwaka 1774 alianza kutibu kwa vipande vya sumaku, kisha akadai hata sumaku zenyewe si lazima, kwani mwili wake unatosha kutoa nguvu aliyoiita sumaku ya viumbe. Akahamia Paris, watu wakamfurikia. Wagonjwa walizunguka pipa kubwa wameshika fito za chuma, huyu akicheka, huyu akilia, yule akianguka kwa kutetemeka. Na wengi walirudi makwao wakisema wamepona.

Mwaka 1784 mfalme Louis XVI akaunda tume ya kuichunguza nguvu hiyo. Walikuwamo Benjamin Franklin, mjumbe wa Marekani. Lavoisier wa kemia. Bailly wa elimu ya nyota. Na daktari Guillotin, ambaye jina lake lilikuja kupewa mashine iliyowakata vichwa Bailly na Lavoisier. Hilo halihusiani na mada, ila sijawahi kuweza kulipita kimya.

Mesmer alikataa kupimwa, lakini mfuasi wake Deslon akakubali. Kwa kuwa Franklin alikuwa mgonjwa, baadhi ya majaribio yakafanyiwa kwake, Passy, karibu na Paris. Deslon akauendea mti mmoja wa aprikoti bustanini, akautia nguvu zake. Akaletwa kijana wa miaka 12, aliyechaguliwa na Deslon mwenyewe kwa kuwa ni mwepesi wa kuhisi. Akafungwa kitambaa machoni, ili mti ule aujue kwa kuhisi tu. Mti wa kwanza, akaukumbatia: jasho likamtoka, akakohoa. Haukuwa wenyewe. Wa pili: kichwa kikamuuma, akaduwaa. Wa tatu: hali ikazidi, akasema anahisi anaukaribia. Kumbe kila hatua ilikuwa ikimpeleka mbali nao! Wa nne: akazimia, viungo vikakakamaa, ikabidi abebwe akalazwe kwenye majani. Na ule mti wenye nguvu ulikuwa umesimama futi 24 hivi kutoka hapo, umetulia zake.

Deslon akajitetea: miti yote ina sumaku kwa asili. Tume ikamjibu kwamba ingekuwa hivyo, mtu mwepesi wa kuhisi asingethubutu kuingia bustanini kabisa. Mimi huwa nacheka kila ninapofika hapo. Nyumbani kwa Lavoisier, mwanamke mmoja akapewa vikombe vya kawaida kimoja baada ya kingine, na cha nne kikamwangusha. Alipopata fahamu akaomba maji, akapewa kwenye kile kikombe chenye "nguvu". Akanywa taratibu, akasema amepata nafuu.

Sasa msinielewe vibaya, maana najua mtu ataniambia, "Kwa hiyo wale walikuwa waongo." Hapana! Kijana alizimia kweli. Mwongo hatusumbui sana, siku moja atanaswa. Anayetusumbua ni mtu mwema, mchapakazi, mwenye hamu na jambo lake. Huyo ndiye wa kufungwa kitambaa.

Na leteni sasa kinga ya mwili. Miaka 204 baada ya ule mti, kwenye viunga vya Paris ileile, Jacques Benveniste, mtafiti mwenye sifa kubwa katika fani yake, alikuwa akizimua kingamwili kwenye maji. Akazimua, akazimua tena, mpaka pale ambapo kwa hesabu hakuna hata molekuli moja iliyobaki. Maji matupu. Na bado seli za damu ziitwazo basofili zilionekana kuitikia, yaani kupoteza rangi, kana kwamba maji yanaikumbuka ile kingamwili. Jarida la Nature lilichapisha kazi hiyo Juni 1988, kwa sharti kwamba wakaguzi waende maabara wakajionee. Wakaenda watatu: mhariri John Maddox, mtafiti Walter Stewart, na James Randi, mtu wa viinimacho. Jamani, wa viinimacho! Baadhi ya wenzetu walikasirika mpaka leo. Mimi naona alikuwa ndiye mtaalamu hasa wa kazi ile, kwani amekula mkate wake maisha yote kwa kujua jicho linavyodanganywa.

Seli zile zilihesabiwa kwa hadubini, kwa jicho la binadamu. Hii imepoteza rangi? Haijapoteza? Hii je, iliyo katikati? Mirija ilipokuwa na majina yake, majibu mazuri yalitoka. Kisha mirija ikapewa namba za siri, orodha ikatiwa kwenye bahasha na kubandikwa darini ili asiwepo wa kuichungulia. Bahasha ilipofunguliwa, ile tofauti kati ya maji matupu na maji "yanayokumbuka" haikuwapo. Benveniste alilalamika vikali namna alivyotendewa, na kweli hawakuwa wageni wapole. Lakini bahasha haina upole wala ukali.

"Sisi hatuhesabu kwa jicho, tuna mashine." Nalisikia hili kila mwaka. Sawa, na nani anaamua kwamba kipimo cha tatu kimeharibika kirudiwe, ila cha saba kibaki? Mashine? "Hatuna fedha za majaribio ya namna hiyo." Fedha gani? Ni vikaratasi, kalamu, na mwenzako mmoja wa kukubadilishia namba mirija. Ujanani nilihesabu mabuu miezi minne, nikaona jambo la ajabu, nikaanza hata kutunga kichwa cha habari. Rafiki yangu akanibadilishia vibandiko. Nusu ya ugunduzi wangu ikayeyuka siku ile, na nusu nyingine wiki iliyofuata.

Wadudu, basi, haraka, maana mwenyekiti ameanza kutazama saa. Mwaka 2013 kulichapishwa mapitio ya tafiti 79 kuhusu sisimizi: je, wa kichuguu kimoja hupigana? Kila mtu "anajua" kwamba ndugu hawapigani. Chini ya theluthi ya tafiti hizo ndizo zilizofanywa na mtazamaji asiyejua sisimizi yupi katoka wapi. Na waliojua waliripoti ugomvi wa ndugu mara chache kuliko wasiojua. Sisimizi hawana habari na nadharia zetu. Amani ile waliileta watazamaji.

Sumaku na nzi wa matunda: palikuwa na tafiti za kuvutia zilizosema nzi hawa huhisi uga wa sumaku. Mwaka 2023 kundi lingine likarudia kwa nzi 97,658 kwenye jaribio la kuchagua njia, na wengine zaidi kwenye jaribio la kupanda kwenda juu. Hawakuona kitu. Hiyo haina maana kwamba wadudu wote hawahisi sumaku, msiniwekee maneno kinywani. Wapo ambao ushahidi wao ni mzuri.

Tiba: jaribio la streptomaisini kwa kifua kikuu, Uingereza, 1948, wagonjwa 107. Wasiopewa dawa hawakuchomwa sindano za uongo, kwa sababu kumchoma mtu sindano zisizo na dawa mara nne kwa siku kwa miezi ni ukatili. Kilichofichwa ni kwa wasoma picha za eksirei: hawakujua ni za nani. Mnaona? Hata pale usipoweza kumfunga mgonjwa, daktari anafungika.

Nilikuwa na sehemu nzima ya nyuki na ngoma yao, lakini mwenyekiti ameacha kutazama saa, sasa ananitazama mimi. Maswali. Wewe pale nyuma, mkono wako uko juu tangu kijana akiwa kwenye mti wa pili. Karibu.