Gari la mia tisa na moja

ELIA: Karibuni tena. Leo Bonde la Yezreeli, kaskazini mwa Israeli. Dada Rehema kaja na matope hadi magotini, mtamsamehe.

REHEMA: Jumanne gari letu lilikwama kwenye udongo wa mbuga, njia ya Meatu. Mvua ya nusu saa tu!

ELIA: Katika Biblia, Waamuzi 4 inampa Sisera, jemadari wa Wakanaani, magari mia tisa ya vita ya chuma, ya kukokotwa na farasi. Lenu la mia tisa na moja.

REHEMA: Cheka, lakini udongo wa Yezreeli ni wa jamaa hiyohiyo: mfinyanzi mweusi, ukinywa maji unavimba, ukikauka unapasuka. Unatunza unyevu, ndiyo maana ngano inastawi. Farao Thutmose III alipouzingira mji wa Megido, karibu mwaka 1457 KK, watu wake walivuna bondeni humo magunia 207,300 ya ngano. Hayo ni maandishi ya Wamisri wenyewe.

ELIA: Na wakateka magari 924. Lenu la 925!

REHEMA: Haya. Sasa ukilowa, tope linanata kwenye tairi, linajaa chini ya madigadi, gurudumu halizunguki tena. Ukikanyaga mafuta unajichimbia. Ushuke, ukwangue tope, upunguze upepo, utandike matawi. Na usidanganywe na ukavu wa juu, chini bado uji.

ELIA: Magari ya Sisera hayakuwa na madigadi.

REHEMA: Yalikuwa na magurudumu membamba, yanakata kama kisu. Ndiyo maana 4:15 akashuka akakimbia kwa miguu. Mto Kishoni ulifurika, gari likawa mzigo.

ELIA: Hapo sikubali. Sura ya 4 haitaji hata tone la mvua. Inasema Bwana aliwafadhaisha, Baraka, jemadari wa Waisraeli, akashuka mlima Tabori na watu elfu kumi. Kishoni kuwachukua ni wimbo wa nabii Debora, 5:21, na mstari wa juu yake nyota zinapigana. Nyota nazo zilikuwa na matope?

REHEMA: Josephus, mwanahistoria Myahudi, anataja mvua kubwa na mvua ya mawe.

ELIA: Miaka zaidi ya elfu baadaye! Halafu jemadari mzoefu apeleke magari mia tisa kwenye mfinyanzi wakati wa masika yao? Allenby, jenerali wa Waingereza, alipitisha askari wa farasi bondeni humo Septemba 1918, mvua hazijaanza, ardhi ngumu. Sisera alijua majira kama yeye.

REHEMA: Nasi tulijua majira. Mvua ya nusu saa, kaka Elia. Kinachokwamisha ni inchi chache za juu, mafuriko si lazima.

ELIA: Basi wimbo usiseme mto uliwachukua.

REHEMA: Wimbo unasema kilichobaki kichwani mwa waliopona.

ELIA: Hilo ni lako. Mimi nabaki na sura ya 4.

REHEMA: Nami nabaki na tope.

ELIA: Tumebakiwa na dakika mbili. Tulipanga mafunzo matatu: Gideoni na mia tatu wake pale Harodi, shamba la Nabothi, Yosia kuuawa Megido mwaka 609 KK.

REHEMA: Na kukaushwa kwa vinamasi miaka ya 1920, pamoja na malaria yake.

ELIA: Havitoshi. Nabothi anaanza wiki ijayo.

REHEMA: Dereva anauliza kama wiki ijayo tunapita njia ileile.

ELIA: Mwambie abebe matawi.