Santuri Zilizomlea Louis Armstrong

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za jioni.

Kabla sijasema lolote, naomba tusikilize. Kijana wangu wa mitambo, shusha sindano.

(Ilipigwa "West End Blues", dakika tatu na ushei.)

Ule mwanzo, tarumbeta peke yake, bila piano wala ngoma kuishika mkono, haufiki sekunde 15. Ulirekodiwa Chicago tarehe 28 Juni 1928, na mpigaji, Louis Armstrong, alikuwa hajatimiza miaka 27. Nimeusikiliza tangu naanza kujifunza tarumbeta, na kwa miaka mingi niliamini kile tunachoambiwa wote: kipaji cha namna ile mtu huzaliwa nacho, basi. Siku hizi siamini hivyo. Kipaji alikuwa nacho, lakini kilipita masikioni kwanza, na masikio yale yalilelewa na santuri.

Habari za utoto wake New Orleans wengi wenu mnazijua: umaskini, mkokoteni wa makaa ya mawe, bastola aliyofyatua mkesha wa mwaka mpya, na nyumba ya watoto watukutu alikofundishwa koneti, ile ndugu yake mfupi tarumbeta. Siyarudii. Ninachotaka mkione ni chombo alichonunua akiwa kijana wa miaka kumi na kitu: gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Mwenyewe alisema kwamba kuinunua lilikuwa tukio kubwa maishani mwake, na akataja santuri alizokuwa nazo. Nyingi zilikuwa za Original Dixieland Jazz Band, vijana wa Kizungu wa mji wake huohuo, waliotoa santuri ya kwanza ya jazi mwaka 1917. Hilo si la ajabu. Lakini pamoja nazo alikuwa na Enrico Caruso. Alikuwa na Galli-Curci. Alikuwa na Tetrazzini. Alikuwa na John McCormack wa Ireland, ambaye Armstrong alimsifu kwa namna anavyoukata mstari wa wimbo.

Waimbaji wa opera, ile michezo ya jukwaani ya Kizungu inayoimbwa, ndugu zangu! Kijana mweusi wa mtaa wa ovyo, anazungusha mkono wa gramafoni chumbani, anamsikiliza Mwitalia. Na mwimbaji wa opera wa enzi zile hakuwa na kipaza sauti. Ukumbi mzima aliujaza kwa kifua chake mwenyewe. Sasa rudini kwenye zile sekunde 15. Katika opera hufika mahali ala zote zikanyamaza, mwimbaji akaachiwa uwanja apande na kushuka peke yake, ndipo wenzake warudi. Mahali hapo huitwa kadenza. Armstrong alifanya jambo hilohilo kwa tarumbeta, kwenye bluzi. Sisemi alinakili. Alikula chakula kile mpaka kikawa damu yake. Wataalamu wametambua hata vipande vya Rigoletto, opera ya Verdi, vikichungulia ndani ya solo zake.

Mwalimu wake wa ana kwa ana alikuwa King Oliver, mpiga koneti. "West End Blues" yenyewe ni tungo ya Oliver, ambaye alikuwa ameirekodi mwezi huohuo kabla ya mwanafunzi wake. Mwaka 1923 walikuwa wamerekodi pamoja huko Richmond, Indiana, na hapa nitakaa kidogo. Maikrofoni haikutumika. Bendi nzima ilipiga ikielekea mdomo wa pembe kubwa, pembe ikaibana sauti, sauti ikaitikisa sindano, sindano ikachora kwenye nta. Lil Hardin, aliyepiga piano siku hiyo na mwaka uliofuata akawa mke wa Armstrong, alisimulia kwamba koneti ya kijana ilimfunika Oliver, hivyo ikabidi Armstrong asogezwe mbali futi kama 15, kwenye kona. Alisimama kule mnyonge, akidhani ameharibu. Nikiipiga santuri ile, namtafuta. Huwa nasogeza sikio karibu na spika, na nyuma ya kelele za sindano namsikia yule wa kwenye kona.

Kuna jina jingine ambalo wapenzi wengi wa jazi hawapendi kulisikia: Guy Lombardo, Mkanada mwenye bendi ya nyimbo laini za kuchezea dansi. Wenzake Armstrong waliuona muziki ule kama maji ya sukari. Yeye aliupenda kweli, na alisema hivyo bila kuona haya mpaka mwisho. Mimi namwelewa. Lombardo hakuacha wimbo upotee. Hata mtoto angeweza kuufuatisha. Sikilizeni Armstrong anavyoushika wimbo wa watu: anaupinda, anauchelewesha, lakini hauachii. Wapigaji wa leo tuna vidole vyepesi sana, na mara nyingi msikilizaji hajui tena tulianzia wimbo gani.

Kwetu nako mambo yalikwenda hivyo. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV ilitoa santuri zenye herufi GV kwenye namba zake, nyingi zikiwa za Kikuba, zikasambaa Afrika. Salum Abdallah wa Morogoro aliupenda muziki ule mpaka bendi yake ikaitwa Cuban Marimba. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz: jina lilitoka Marekani, lakini gitaa zilikuwa na Havana ya Kuba nyingi kuliko New Orleans. Wazee wale wengi hawakujua Kihispania. Walishusha sindano, wakairudisha, wakaishusha tena.

Marehemu baba yangu aliacha santuri kama 60. Ziliwekwa stoo, zimelaliana, bila majalada, chini ya bati. Nilipozifuata zilikuwa zimejipinda kama chapati. Nilizigeuzageuza mkononi, na kwenye lebo ya mojawapo kulikuwa na mwandiko wake wa kalamu ya wino, tarehe aliyoinunua. Haipigiki.

Ndiyo maana nyumba ya Armstrong hunigusa. Mwaka 1943 mkewe wa mwisho, Lucille, alinunua nyumba ya kawaida mtaa wa Corona, Queens, New York, nao wakaishi hapo mpaka Armstrong alipofariki tarehe 6 Julai 1971. Leo ni makumbusho. Ndani kuna chumba chake cha kazi chenye teprekoda, maana alizihamishia santuri zake kwenye kanda moja baada ya nyingine, na kati ya nyimbo akarekodi mazungumzo, vichekesho, hata kelele za wageni. Kanda zilizobaki ni zaidi ya 600. Maboksi mengi aliyapamba mwenyewe kwa mkasi na gundi: picha za magazeti, kadi, sura za rafiki zake. Miaka ya mwisho, maradhi yalipomkalisha nyumbani, alirudi kuzipanga upya na kuandika kwa mkono orodha ya kilichomo. Mtu mashuhuri dunia nzima, mgonjwa, anaandika: kanda namba fulani, wimbo fulani, nani anapiga. Caruso wake yumo. Oliver yumo. Lombardo yumo.

Nimemaliza, na maswali nitayapokea. Lakini kwanza turudie santuri ile, na safari hii ngojeni sehemu ya mwisho. Tarumbeta inapanda, inashika noti moja ya juu, inakaa nayo karibu vipimo vinne vizima vya mapigo huku piano ya Earl Hines ikitembea chini yake. Msihesabu kwa vidole. Vuteni pumzi anapoanza, muishike naye, tuone nani kati yetu atafika.

Kijana wangu, shusha sindano.